Kimeng'enya cha Mwanawe

Kazi yangu katika maabara ya Dar es Salaam ilikuwa kubadilisha vimeng'enya vya sabuni ya unga, zile protini zinazokula madoa, ili vifanye kazi hata kwenye maji baridi. Niliionea fahari.

Nilirudi Mafia, kijijini Ndagoni, kumzika mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka mitatu. Alizaliwa bila kimeng'enya kimoja cha ini, na habari hiyo nilikuwa nayo mwaka mzima.

Baada ya matanga nilimkuta dada akikunja nguo za mwanawe. Tangu bahari yetu ifanywe hifadhi na uvuvi ubanwe, alikuwa akilima mwani, na mikono yake ilikuwa imechanika kwa chumvi.

"Mdogo wangu, vimeng'enya vya sabuni mnavibadilisha. Cha mwanangu je?"

"Ni kigumu zaidi, dada. Huchukua miaka mingi."

"Lakini ulijaribu?"

Ningeweza kumdanganya.

"Sikujaribu."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja. Nilikaa naye mpaka nguo zikaisha, nikilia.

Tunapigiana simu kila Ijumaa. Huniuliza habari za mke wangu na watoto. Habari za kazi hajaniuliza tena.