Mkono wa Kushika Sufuria

Wanaume wa ufuoni Kendu Bay walikuwa na swali lao moja, na walimrushia Nicanor kila alipovua samaki wengi kuliko wao. "Sawa, Nicanor, leo umetushinda. Lakini hiyo mashua utamwachia nani?" Kisha cheko. Nicanor alijaliwa mabinti watatu, mvulana hakuna. Wawili walikuwa wameolewa upande wa Migori, akabaki Filister, kitinda mimba, msichana mrefu mwenye mabega mapana. Baba alicheka pamoja nao, macho kwenye nyavu. Filister hakucheka. Yeye ndiye aliyemwona jioni akisukuma sahani mbali kabla hajashiba.

Sasa, ukitaka kujua Filister alijifunzaje kuogelea, anzia kwenye mwiko. Mwanamke haingii kwenye mashua ya uvuvi. Akiingia samaki wanakimbia, ndivyo walivyosema, na usiniulize ni nani aliyekwenda kuwahoji hao samaki. Tena Nicanor akishatega nyavu zake haondoki pale, maana akiondoka tu, Obare, jirani yake mwenye domo, anasogeza mashua yake hapo hapo. Basi chakula cha mchana kitamfikiaje?

Filister alikipeleka kwa kuogelea. Sufuria ya ugali na samaki ilifungwa kwa leso, ikawekwa juu ya kata, kata juu ya kichwa, na binti ndani ya maji mpaka shingoni. Alisukuma maji kwa mikono yote miwili na kupiga miguu kama chura, kichwa kimetulia tuli. Akifika, mkono wa kushoto ulishika ukingo wa mashua na wa kulia ulipanda kuishika sufuria, kwa sababu hapo ndipo mawimbi yanapogonga mbao na kurudi. Utotoni aliwahi kusahau, chakula chote kikaenda ziwani. Baba alishinda njaa siku hiyo na hakumgombeza hata kidogo, jambo lililomuuma Filister kuliko kuchapwa.

Mwalimu Momanyi, Mkisii aliyekuwa akifundisha karibu na hapo, alimwona siku moja, akaiacha baiskeli yake ianguke yenyewe. "Wewe msichana! Unajua watu wanashindania hiyo kitu yako?" Alikuwa ameogelea chuoni, akajua anachokiona. Wakaanza mazoezi. Magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa miaka hiyo, ikabidi wayakate kwa panga kila wakitaka nafasi. Momanyi alisimika ubao majini uwe ukuta, akamfundisha kuzamisha uso, kitu ambacho Filister alikichukia kabisa, halafu akamfundisha sheria moja iliyo juu ya zote. Kwa mtindo huu wa chura ukuta unaguswa kwa mikono miwili pamoja. Ukigusa kwa mmoja, umeondolewa.

"Mikono mingapi, Filister?"

"Miwili, Mwalimu. Si umeniambia mpaka nimechoka!"

Alishinda Homa Bay, akashinda Kisumu, na mwaka wa tisini na sita akachaguliwa kuogelea Nairobi kwenye mashindano ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, mbio za wanawake za mita mia moja kwa mtindo huo huo. Momanyi, Msabato wa kweli, aliomba tu zisiangukie Jumamosi. Zikaangukia Ijumaa. Asubuhi ya kuondoka Filister alimfuata baba yake ufuoni. "Baba, nitakuletea medali. Uwaonyeshe, wanyamaze."

"Nenda salama, nyara," Nicanor akamwambia, yaani binti yangu kwa Kijaluo. Lakini jana yake alikuwa ameshamtangazia kila mtu, mpaka Obare, kwamba binti yake anakwenda kuogelea Nairobi.

Maji ya Nairobi yalinuka dawa na chini yake palionekana, kitu kilichompa kizunguzungu. Firimbi ilipolia aliruka vibaya, akawa wa mwisho. Ukuta wa kwanza aliugusa kwa mikono miwili, sawasawa. Wakati wa kurudi mabega yale yakafanya kazi. Akampita wa Uganda, akampita wa Zambia, akampita na mwingine ambaye hakumjua, na mbele yake wakabaki wawili tu. Wa tatu! Medali hiyo! Momanyi alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga kelele za Kikisii.

Kisha ukingo ukajitokeza mbele ya macho yake, na maji yakawa yanaugonga na kurudi. Mkono wa kushoto ukashika ukingo. Wa kulia ukapanda kichwani, ukaishika sufuria ambayo haikuwepo.

Watu walidhani anawapungia, wakampigia makofi. Mwamuzi hakupiga makofi, aliinua mkono wake juu. Momanyi akashuka kutoka kwenye benchi na kufunika uso. Filister alilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.

Alirudi Kendu Bay Jumatatu, akapitia nyumbani kuchukua sufuria ya mchana, akateremka ufuoni. Obare ndiye aliyemwona kwanza. "Haya, binti wa Nairobi, tuonyeshe medali!"

Angeweza kudanganya. Nani angejua? Lakini baba yake, ambaye siku hiyo alikuwa bado hajaingia ziwani, alikuwa amesimama pale, mkono kwenye mashua, akimtazama. Akasema yote, ukuta, mkono na sheria.

"Mkono ulikuwa unashika nini?" Obare akauliza.

"Sufuria."

Yawa! Walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Nicanor peke yake hakucheka.

"Ulidhani umenifikia mimi?" akauliza polepole.

"Mkono ndio ulidhani, Baba. Mimi nilijua niko Nairobi. Nisamehe."

Nicanor akafuta uso kwa kiganja. Akaisukuma mashua mpaka ikaelea, akaishikilia isiyumbe. "Ingia."

Cheko likakatika. "Nicanor, una wazimu?" Obare akafoka. "Samaki watakimbia!"

"Wakimbie. Kila siku mnaniuliza mashua nitamwachia nani. Si mmemwona?"

Filister aliinua mguu, akauteremsha, akauinua tena. Aliketi mbele, hajui magoti ayaweke wapi, sufuria mapajani, ameishika kwa mikono yote miwili.