Mbu wa Jirani

Juzi nikiwa kwenye duka la fotokopi pale mtaa wa Mlabani, mtafiti mmoja alifungua kompyuta, akabandika mstari mrefu wa herufi za vinasaba vya mbu, akatafuta kwenye kumbukumbu za mtandaoni zilizo wazi kwa dunia nzima. Mama mkulima aliyekuwa akisubiri nakala zake akasogea kuchungulia.

“Shikamoo mama. Mbu huyu ninayemtafuta anafanana na yule tuliyemkamata kijiji cha Mkula, tukamweka humu. Mtu yeyote duniani akitafuta, anamwona.”

Mama akabana midomo. “Mkula ndiyo kwetu. Na mtego mliutega kwa jirani yangu tu. Kwa hiyo mbu wake ndiye anajulikana mpaka Ulaya?”

“Jina la mwenye nyumba hatuandiki, mama.”

“Lakini yeye anajua!” Akagonga kioo kwa kidole. “Mbu wale wanazaliwa kwenye mpunga wangu mimi. Kwake wanaenda kulala tu. Andika hivyo.”

Nilimcheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikatafuta kwenye simu jina langu, mimi ninayeandika safu hii miaka yote. Simu ikaniuliza kama namaanisha mtu mwingine.

Tangu siku hiyo, mbu akilia sikioni naona ananiringia.