Sarafu ya Bibi wa Tiwi

Siku ya Maulidi mwaka jana nilimpoteza kaka yangu Salimu, sonara wa Ukunda. Haya yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, na sijaongeza neno.

Kabla jeneza halijainuliwa nilisimama, kama ilivyo desturi, nikasema mwenye amana kwa marehemu aje kwangu. Akaja Juma wa Tiwi. Alimwachia Salimu sarafu ya dhahabu, urithi wa marehemu bibi yake, aitilie kipete ivaliwe shingoni.

Baada ya maziko nilifungua mtoto wa meza dukani. Ilikuwamo kitambaani, na jina la Juma juu yake. Upande mmoja mfalme wa kale, wa pili meli, ukumbusho wa sherehe ya mfalme huyo. Lakini ilikuwa fedha.

"Kaka yako kala dhahabu, kaniachia fedha!" Juma alifoka, matanga hayajaanuliwa. Mji mzima ukasikia. Niambie, maiti atajitetea vipi?

Siku chache baadaye, alasiri, nilikuwa peke yangu dukani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, niamini. Nilipoinua kichwa, mwanamke mzee alikuwa amesimama mbele yangu, ananukia asumini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe hiyo sarafu."

Nikampa. Kiganjani mwake ikawa dhahabu. Akacheka.

"Unaona nini?"

"Dhahabu, bibi. Lakini niliyokupa ni fedha."

"Umesema kweli. Ya dhahabu niliiuza nikaenda kuhiji. Hii ni mfano wake, niliinunua wanangu wasinilaumu. Mwambie Kibuyu asome ukingoni."

Akairudisha. Ilikuwa fedha tena, baridi kama imetoka kisimani. Nilipoinua macho hakuwapo, na komeo lilikuwa mahali pake.

Nilichukua kioo cha kaka cha kukuzia. Ukingoni, kwa herufi ndogo sana, paliandikwa kwamba ni fedha tupu. Nikaenda Tiwi, nikamweleza Juma yote.

"Nani kakwambia Kibuyu?" aliuliza. "Jina hilo alikuwa akiniita bibi tu, tukiwa wawili."

Mpaka leo ule mtoto wa meza unanukia asumini. Nawe msomaji, usimwite maiti mwizi kabla hujatazama vizuri ulichokabidhi.

Jioni ile ile nilipomweleza, Juma alikuja nami makaburini. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo wa Salimu. "Niwie radhi, fundi," alisema, kisha akalia mpaka adhana ya magharibi.