Usizime, Bado Kidogo

Silinda hedi moja ya Pijo 404, tenda moja ya kupeleka kabichi na viazi shule ya bweni kule Njoro, na mkanda mmoja wa feni. Hiyo ndiyo gharama yote. Nimeihesabu mara mbili: mara ya kwanza nilishuku hasira imeniongezea kitu, na mara ya pili nikagundua nilikuwa nimesahau mkanda. Upande wangu nilipata tanki moja ya petroli. Watu wa Nakuru nao walipata gari la kuchezea lenye sauti ya kweli.

Aliyeniletea mambo haya ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa na hoteli ya chai na mandazi upande wa chini wa mji, ukuta mmoja tu kutoka ua wetu. Miaka ya sabini ikiwa bado michanga, alinunua mashine kuukuu iliyotoka ng'ambo kupitia Mombasa. Lilikuwa kabati la mbao lenye usukani, pedeli ya mafuta, na kioo ambacho ndani yake barabara ya picha ilizunguka. Unatia thumuni, unaendesha. Ukitoka barabarani taa nyekundu inawaka. Leo wajukuu wangu wanacheza vitu hivyo kwenye simu wakiwa wamelala chali. Wakati ule watu walitoka mpaka Kabazi kuja kuiona.

Waliiona, wakacheza mara moja, wakaenda zao. Shida ilikuwa sauti. Mashine ililia kama nyuki ndani ya debe, na haikujali kama umekanyaga au umesinzia. Huwezi kuwauzia watu wa Nakuru kitu cha namna hiyo. Mji huu ulilelewa na malori. Mke wa dereva alijua lori la mumewe likiwa bado kwenye kona, akaongeza unga kwenye sufuria. Mtoto asiyejua kusoma angekwambia hiyo ni Bedford, hiyo ni Pijo, na hiyo Pijo plagi yake moja haichomi. Kila Pasaka tulisimama kando ya barabara kuyangoja magari ya mbio, na kabla hujaona tope likiruka ulikuwa umeshajua ni gari gani linakuja. Basi dereva mmoja wa lori akaicheza mashine ya shemeji mpaka mwisho, akainuka, akauliza kwa heshima zote unga wake utakuwa tayari saa ngapi. Tangu siku hiyo ikaitwa Mashine ya Unga, na hakuna aliyetia thumuni tena.

Ndipo shemeji akanijia. Fundi wa redio, jirani yake, alikuwa amemwambia kwamba tepurekoda inaweza kufungwa ndani ya kabati na kuunganishwa na pedeli. Ukikanyaga mpaka chini, tepu inakwenda mwendo wake wa kawaida. Ukiachilia, inapunguza mwendo na sauti inashuka kama gari linaloshuka gia. Kwa hiyo ilitakiwa sauti ya injini iliyokanyagwa mpaka mwisho, bila kupumzika, tepu nzima. Na ilitakiwa Pijo, kwa kuwa ndilo gari watu waliloliheshimu. Pijo ya karibu ilikuwa pikapu yangu.

Pikapu ile ndiyo iliyokuwa shamba langu. Wenzangu walipata ekari kwenye mashamba yaliyoachwa na wazungu. Mimi nilipata magurudumu manne. Nilinunua viazi na kabichi Kabazi, nikapeleka Njoro, na shule ilivyonilipa ndivyo na mimi nilivyolipa karo ya watoto wangu. Mkuu wa stoo pale shuleni alikuwa ameniambia wazi: siku utakayochelewa, kuna foleni nyuma yako.

Nikamwambia shemeji sauti ya gari haitoki bure. Akasema sauti haipungui ikichukuliwa. Akaanza na galoni mbili za petroli. Tukavutana mpaka ikawa tanki nzima. Halafu nikaongeza sharti: gari lisitembee hata maili moja. Nilimjua. Akishika ufunguo angefika Naivasha kuwaonyesha rafiki zake. Nikasoma maili kwenye dashibodi, nikaziandika kiganjani, nikazisoma tena. Nikamwachia ufunguo, nikapanda lori la mwenzangu kwenda Kabazi kupatana bei.

Niliporudi nilikuta pikapu pale pale nilipoiacha, nyuma ya hoteli. Tanki ilikuwa imejaa. Maili zilikuwa zile zile za kiganjani. Usiku huo nilimwambia mke wangu kwamba kaka yake ni mtu wa kupatana naye vizuri. Asubuhi nikawasha gari, likatoa moshi mweupe kama moto wa kuni mbichi, likanyamaza.

Fundi wetu, mzee wa Kisikh aliyekuwa na gereji karibu na reli, alifungua boneti akaniuliza mkanda wa feni uko wapi. Mimi nilikuwa nimekagua maili, boneti sikuifungua. Alipoitoa hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imepinda, na katikati imepasuka. Akaipangusa, akaiweka juu ya gazeti, akaenda kunywa chai yake.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Fundi wa redio alikuwa amelalamika kwamba feni inavuma kwenye tepu, inafunika injini. Basi shemeji akaondoa mkanda ili feni inyamaze. Mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Wakaikanyaga pikapu yangu mpaka chini, imesimama, bila upepo, bila maji kuzunguka, ili isikike vizuri.

Nilikwenda kwake na hedi begani. Alikubali kosa la mkanda, hilo tu. Akaapa kwamba joto lilipoanza kupanda walizima hapo hapo, na kwamba ufa ule lazima ulikuwa wa zamani, wa miteremko ya Kabazi. Kisha akanigeuzia kibao.

"Wewe ndiye ulisema isitembee," akasema. "Gari ikitembea inapata upepo. Na mahari ya baba hujamaliza, leo unanidai hedi?"

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nikageuka na hedi yangu begani, kwa sababu mahari kweli sikuwa nimemaliza.

Nilipokuwa nikitafuta hedi ya mkono wa pili Nairobi, tenda ya Njoro ilichukuliwa na mtu wa Ndabibi mwenye Land Rover. Foleni ile niliyoambiwa haikuwa ya uongo. Nikarudi kubeba magunia ya watu wengine kwa malipo ya siku, huku upande wa pili wa ukuta thumuni zikianguka. Maana mashine ilikuwa imependwa. Watu walipanga mstari mpaka barabarani. Alasiri mke wangu alikuwa akisikia Pijo ikinguruma, akabandika maji ya chai, halafu akakumbuka pikapu iko juu ya mawe, akayaepua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hedi.

Wakati huo ulizuka msemo mjini. Mchukuzi akilemewa na gunia sokoni, wenzake walimwambia, "Usizime, bado kidogo." Mhubiri akirefusha mahubiri, mtu wa benchi la nyuma alinong'ona hivyo hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mke wangu alipokuwa akipuliza moto. Nilidhani umetoka redioni.

Nilikuwa nimeapa kutokanyaga hotelini kwa shemeji. Lakini alasiri moja niliona mke wangu akiyaepua maji kwa mara nyingine, nikaondoka na thumuni mkononi. Nilipanga mstari kama wengine. Nikalipa pesa yangu kusikiliza gari langu.

Lilikuwa lenyewe. Hata ule mgongano mdogo wa tapeti za valvu, ambao mimi na fundi tu tuliujua, ulikuwepo. Nikakanyaga mpaka chini nikaiacha barabara ya kioo izunguke ipendavyo. Ilinguruma vizuri, Mungu ananiona. Kisha mlio ukaanza kukauka. Ikakohoa. Chuma kikaanza kugonga chuma, na nyuma yangu nikasikia viti vikisogezwa. Watu walikuwa wanakaribia, kama wanaojua sehemu tamu inakuja. Ndani ya kabati, wazi kabisa, sauti ya shemeji ikasema:

"Usizime. Bado kidogo."

Hoteli nzima iliitikia pamoja naye. Injini ikagonga tena, ikaburuta, ikafa. Watu wakapiga meza. Jamaa mmoja akaniinamia akanieleza, kwa wema, kwamba hapo ndipo mashine hii inapozishinda zote, inakufa kama ya kweli.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa akipanga mandazi yaliyokwisha kupangwa.

"Uliapa mlizima hapo hapo," nikamwambia.

"Watu wanapenda huo mwisho," akasema polepole. "Ningeukata, wangerudi kuiita Mashine ya Unga."

Nyuma yake, kwenye msumari, juu ya picha ya kalenda, ulining'inia mkanda wangu wa feni.

Mashine ilishaoza. Hoteli sasa ni duka la nguo. Mahari nilimaliza, mbuzi wa mwisho akipokelewa mbele ya mashahidi, na shemeji alikuwa mmoja wao. Lakini kila tukikutana kwenye arusi au mazishi bado anawaambia watoto kwamba Pijo yangu ilikuwa na ufa wa zamani. Kwa hiyo naandika. Shemeji, ukisomewa haya: tenda nimekusamehe, kabichi zilishaliwa. Nataka hedi, mpya, isiyochomelewa. Na kabla ya hedi, nirudishie mkanda. Huo huna la kuusingizia, niliuona.