Kuruka Bila Kuaga

Nakumbuka Jumamosi moja, mdogo wangu Nasra, nilipokuwa kidato cha tatu. Nakuandikia kwa vile umeanza somo la kompyuta, na kuyasema haya kwa mdomo naona aibu.

Mama, kama unavyojua, yuko mapokezi kwenye zahanati huku Kariakoo. Niliwaandikia programu ya kuita wagonjwa kwenye skrini. Kila nilipokwama niliweka lebo, yaani jina la mahali ndani ya programu, nikaandika goto, amri ya kuruka mpaka hapo. Mgonjwa hayupo? Ruka hapa. Daktari katoka? Ruka kule. Ilikwenda, nikajiona fundi.

Siku hiyo jirani yetu Bi Zainabu alikuja, pumu imembana. Jina lake lilipotokea alikuwa msalani. Programu ikaruka kwa anayefuata, na haikurudi kwake tena. Akakaa anasubiri, wenzake wanaingia na kutoka, mpaka Mama aliposikia kifua kinavyolia akambeba kumpeleka kwa daktari. Midomo ilishabadilika rangi.

Alipokwisha kuvutishwa dawa nilimfuata.

"Shikamoo, Bi Zainabu."

"Marahaba. Ndiyo wewe mwenye hiyo kompyuta isiyo na adabu?" Akavuta pumzi. "Mimi nilipotoka nilimuaga mama wa nyuma yangu, anishikie nafasi. Kanishikia. Hiyo yako ikiondoka inamuaga nani?"

Niliifungua programu nikajaribu kuifuata, nikapotea mwenyewe. Ukifika kwenye lebo hujui umetokea wapi, wala nani umemwacha njiani.

Nikaandika upya, bila goto hata moja. Kitanzi cha while: maadamu kuna anayesubiri, endelea kuita. If na else: akiwepo aingie, asipokuwepo asogezwe nyuma ya mmoja, asifutwe. Na kazi ya kuita nikaipa funksheni yake, kipande cha programu kinachoitwa kifanye kazi moja. Funksheni inaaga, mdogo wangu. Inaenda, inafanya ilichotumwa, inarudi palepale ilipoitiwa. Bi Zainabu alipona, lakini bado nikimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta naacha kuandika kwanza.

Kwa hiyo ukishikwa na haraka ya kuruka, simama. Jiulize unataka kurudia, kuchagua, au kutuma kazi ikafanywe. Karibu kila mara ni mojawapo ya hayo, na kila moja lina njia yake ya kuingia na ya kutokea. Aliye nyuma ya skrini ni mtu, hata kama wewe unaona namba.

Mungu akupe utulivu wa kufikiri, na kila atakayeitegemea kazi yako arudi kwao salama.