Ujumbe wa Kabula Ukutani

Aibu niliyoipata Bariadi haijaniisha mpaka leo, na nikimwona diwani yeyote wa kule barabarani miguu inataka kugeuka yenyewe.

Kazi yangu ni kuwafundisha wanaotunga sheria mambo ya mtandao. Siku hiyo nilikuwa na madiwani, watu waliotaka kweli kuelewa, maana walikuwa wanaandaa sheria ndogo ya kukusanya picha na namba za simu za wafanyabiashara wa mnadani, na mimi nilitaka wajue kwamba taarifa ya mtu ikishatoka hairudi. Nikawasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" wakaitikia kwa furaha, nikaanza vizuri tu. Halafu kompyuta ikagoma (ilinionya tangu nikiwa njiani, Lamadi, nikaipuuza), nami badala ya kuendelea kwa mdomo kama mtu mwenye akili, nikaunganisha simu yangu mwenyewe na projekta.

Nikiwa katikati ya kuwaambia simu ya mtu ni sawa na chumba chake cha kulala, ujumbe ukaingia kutoka kwa mdogo wangu, Kabula. Nikataka kuusukuma pembeni, kidole kikaugusa, ukafunguka wote, herufi kubwa kama bango la kampeni:

"Dada, majibu yametoka. Mimi sina tatizo, mume wangu ndiye hawezi kupata mtoto. Analia tu. Ameniomba nisimwambie mtu, baba yake ndiyo kabisa asijue."

Baba yake alikuwa amekaa kiti cha mbele. Mzee Masunga, diwani, mkwe wa Kabula, ambaye kwa miaka alikuwa akimsukuma mwanawe Limbu aoe mke wa pili kwa kuwa wa kwanza hazai.

Nikazima simu, picha ikaganda ukutani! Nikatafuta kitufe cha projekta nisikione, nikatafuta waya nikakuta umepita nyuma ya meza ya mwenyekiti, mwisho nikasimama mbele ya mwanga nizibe kwa mwili, maneno yakahamia kwenye blauzi yangu nyeupe, mengine yakabaki ukutani yanasomeka vizuri kabisa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Zimeni umeme," Mzee Masunga akasema.

Mtu akashusha swichi kubwa. Kwenye kile kigiza cha mapazia, diwani mmoja mama akauliza taratibu, "Mwalimu, sasa sisi tuliosoma tufanye nini?"

"Kosa ni langu," nikasema. "Nawaomba msiyatoe nje. Lakini sina namna ya kuwazuia."

Nikakusanya vitu vyangu nikatoka.

Mzee Masunga nilimkuta barazani, kofia mkononi.

"Nisamehe, baba."

"Umeshampigia Kabula?"

"Bado."

"Mpigie kabla watu hawajamfikia. Mimi nakwenda kwa Limbu. Hili siwezi kumwambia kwenye simu." Akavaa kofia, akaondoka.

Kabula aliniacha nimalize kueleza. Kisha akasema, "Dada, nilikuandikia wewe," akakata.

Maneno ya mke wa pili yaliishia siku ile ile, na wapo wanaoniambia Mungu alipitia kwangu. Sikubali. Limbu aliacha kwenda kanisani kwa muda mrefu, kwa sababu kila aliyempa mkono alikuwa anajua. Madiwani nao waliondoa kipengele cha picha kwenye ile sheria ndogo, na nasikia hawakubishana sana.

Simu yangu haitaunganishwa tena na kitu chochote mbele za watu, hata nikifundisha kwa mdomo mpaka koo likauke. Kabula alinisamehe, mwenyewe alitamka. Salamu ananitumia, picha za kuku wake ananitumia. Ila akiumwa, mimi nasikia kwa mama.