Bi Gundi na Sura Iliyoruka Foleni

Kwenye maktaba ya mji ule, ukiipita meza ya kuazimia vitabu, ukalipita kabati la magazeti ya zamani, kisha ukausukuma mlango unaokwaruza sakafu, unaingia chumba kinachonuka gundi na karatasi. Humo, kwa miaka ishirini na miwili, alifanya kazi mwanamke mmoja mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa gundi. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu vilivyochanika. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la wafanyakazi. Midomoni mwa watu alikuwa Bi Gundi, naye alilizoea hata ukimwita kwa jingine hageuki.

Kazi aliijua barabara. Kitabu kikimfikia kimefumuka mgongo, kurasa zinacheza kama meno ya mtoto wa miaka saba, alikipapasa kwanza kama daktari apapasavyo tumbo la mgonjwa. Kisha alikata nyuzi kuukuu, akapanga kurasa, akashona, akapaka gundi na kukibana kwenye kibano cha chuma hadi kesho yake. Kikitoka hapo, hata ukikirusha ukutani kinarudi kizima.

Nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amelipatia uzi. Akikwazwa, alinyamaza. Si kununa kwa saa moja halafu mtu akaitwa mezani, la. Alikaa kimya kama maji mtungini, siku tatu, wiki nzima, na mara moja mwezi kamili. Marehemu mumewe aliishia kuzungumza na redio. Binti yao wa pekee, ambaye sasa ni fundi wa majokofu, alijifunza tangu utotoni kusoma hali ya hewa kwenye mgongo wa mama yake.

Halafu siku moja mjukuu wake wa miaka minne, ambaye wote walimwita Kidoti, alikuja kulala kwa bibi, akamwaga chai juu ya jalada jipya lililokuwa mezani. Hakupigwa wala hakukaripiwa. Bibi alifuta meza, akampa mtoto mgongo, na tangu hapo hadi mtoto alipofuatwa kesho yake, hakutamka neno. Kwenye ngazi, Kidoti alimvuta mama yake gauni.

"Mama, bibi amekufa kasimama?"

Yule fundi alirudi juu peke yake. Alisimama mlangoni, begi la spana bado begani.

"Mama, nakupenda. Ila mtoto simleti tena. Siyo kwa ajili ya chai, chai inafutika. Mimi huu ukimya nilishauzoea, na sitaki yeye auzoee. Siku utakayoweza kuniambia ni nini kinachokufunga mdomo, nipigie. Hata iwe nipo juu ya paa la watu, nitashuka."

Bi Gundi alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Binti yake akangoja, akatikisa kichwa, akashuka ngazi.

Wiki ya tatu bila Kidoti, mkutubi mkuu, bwana mnene mwenye mdomo usiopumzika, aliingia chumbani akisukuma kasha kwa mguu.

"Bi Gundi, kazi hiyo! Rafu ya mambo ya akili na majeraha ya moyo. Inachanika kuliko hadithi za mapenzi. Hawa watu wanasoma au wanapigana nayo?"

"Weka hapo," alisema Bi Gundi.

"Maneno mawili! Leo umeamka na maneno."

Kuna jambo ambalo washonaji wa vitabu hulijua na wasomaji hawalijui. Kitabu kilichosomwa sana, ukikilaza chali mezani, hujifungua chenyewe mahali palepale ambapo mikono mingi imekaa muda mrefu. Bi Gundi alivilaza kimoja kimoja. Cha kwanza kilijifungulia sura ya watoto wanaokua na hofu. Cha pili, cha wanandoa wanaogombana bila kujeruhiana, kilijifungulia ukurasa wenye alama ya duara la kikombe. Cha tatu, cha kuishi na msiba, kilikuwa na machozi yaliyokauka pembeni. Alishangaa. Mji mzima, kumbe, ulikuwa ukija kulia kwenye rafu moja.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kitabu kimoja chenye jalada la kijani. Panya walikuwa wameguguna pembe za chini, penye namba za kurasa, na ukurasa wa yaliyomo haukuwapo. Kukipanga, ilimbidi akisome. Basi akasoma, mwanzoni kwa jicho la kazi, kisha kwa jicho jingine kabisa. Kitabu kilisema kwamba mtoto aliyekua kwenye nyumba ya hasira hujitafutia maficho, na kwamba maficho hayo huweza kumfuata ukubwani hata hatari ikishakwisha.

Mkono wenye sindano ulisimama hewani. Alijiona ana miaka tisa, chini ya meza ya jikoni, sahani zikipasuka ukutani. Baba yake alikuwa mtu wa kurusha vitu kila alipojibiwa. Aliyejibu aliumia, aliyenyamaza alisahauliwa. Na asubuhi yake mama aliokota vigae, akachemsha chai, wote wakanywa kama vile hakuna kilichotokea. Hadithi hiyo Bi Gundi hakuwahi kumsimulia mtu, hata mumewe.

Alimaliza kukishona siku hiyohiyo, akakibana, na kesho yake akakirudisha rafuni.

Baada ya siku tisa mlango ulikwaruza sakafu kwa kishindo. Aliingia dereva mstaafu wa malori, mzee mwenye kifua kama pipa, kitabu cha kijani mkononi.

"Dada, wewe ndiye uliyeshona hiki?"

Bi Gundi akaitikia kwa kichwa.

"Umenitia aibu! Nimekisoma mstari kwa mstari, mke wangu akinishangaa. Nikafika sura ya kupatana. Imesema omba msamaha, shika mkono wa mwenzako. Nikapiga moyo konde, nikamshika mkono, nikamwambia, mke wangu, nisamehe. Akaniuliza, nikusamehe nini? Nikakodoa macho! Sijui! Nimekwenda kufungua sura inayofuata, ndipo nakuta kichwa chake: kusema kilichotokea. Dada yangu, hiyo si ndiyo ingetangulia? Hii sura ya kupatana imeruka foleni!"

"Na mkeo alisemaje?" Swali lilimtoka Bi Gundi lenyewe.

"Alicheka mpaka akakaa chini. Kasema, nenda ukajue kosa lako kwanza, mimi nipo, siendi popote."

Bi Gundi akaangua kicheko, naye mkutubi mkuu, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akasema kwamba kicheko hicho kiandikwe kwenye kumbukumbu za maktaba.

Lakini mzee alipoondoka, kicheko kilikatika. Bi Gundi alikikagua kitabu. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kukosea mpangilio. Kwa nini hapa? Alizisoma tena sura zile mbili, na jibu likamjia taratibu: mkono wake haukuteleza. Kwake yeye, huo ndio uliokuwa mpangilio wa kweli. Sahani zinapasuka, kisha chai. Wiki ya ukimya, kisha biskuti mezani na tabasamu, na mambo yaendelee. Maisha yake yote alikuwa akipatana bila kusema kilichotokea.

Alichukua wembe, akakata nyuzi alizozishona mwenyewe, akakipanga upya. Safari hii sura ya kusema ilitangulia ile ya kupatana, ikawa ya tatu. Alipokaza fundo la mwisho, alinawa mikono na kumpigia binti yake simu.

"Mama? Kuna nini?"

"Shuka kwenye paa," alisema.

Jumamosi asubuhi walikaa jikoni kwa binti, jokofu la mteja limefunuliwa mgongo katikati yao. Kidoti alikuwa chumba cha pili akijenga nyumba ya maboksi. Bi Gundi alijikaza.

"Baba yangu alikuwa akirusha sahani," alianza.

Alisimulia yote: meza, vigae, chai ya asubuhi. Alisema pia upande wa pili, ambao ulikuwa mgumu zaidi. "Nilipokunyamazia wewe, nilidhani nakukinga. Nilidhani nikifungua mdomo atatoka baba yangu. Kumbe nilikuacha peke yako ndani ya nyumba yenye watu. Hilo ndilo kosa langu. Ndilo ninaloombea msamaha."

Binti yake aliweka bisibisi chini. Machozi yalimshuka bila sauti.

"Miaka yote hiyo, mama, nilidhani ni mimi. Nilidhani nina kitu kibaya."

"Hukuwa na kitu. Ulikuwa mtoto."

Walishikana mikono, mmoja una gundi, mwingine una grisi. Hapo hapo, kishindo. Nyumba ya maboksi ilianguka, ikaangukia begi la Bi Gundi lililokuwa kwenye kiti humo, na chupa ya gundi ikapasuka juu ya kitabu cha kijani, alichokuja nacho amwonyeshe binti yake, kilichotoka kibanoni jana tu.

Kidoti alisimama mlangoni, mikono kinywani, akimtazama bibi. Binti naye akamtazama mama yake.

Bi Gundi alihisi ukimya ule wa zamani ukimpanda kutoka tumboni, umefika kifuani, umefika shingoni. Alivuta pumzi.

"Bibi amekasirika," alisema. "Kidogo. Bibi anakipenda kitabu hiki. Lakini hatakukasirikia milele, na hatanyamaza. Atakunywa maji, kisha tutakifuta pamoja. Sawa?"

Kidoti alifikiri. "Kwa hiyo hujafa?"

"Nipo hai kabisa."

"Basi kunywa maji haraka, gundi inakauka!"

Fundi wa majokofu alicheka huku analia, akamimina maji, nayo yakamwagika, na hakuna aliyejali.

Siku hizi kwenye maktaba ile, karibu na dirisha, kuna rafu iliyoandikwa kwa mkono: Vitabu Anavyovipendekeza Bi Gundi. Ndani ya kila kitabu kuna kikaratasi. Kimoja kinasema, "Hiki kisome ukiwa na mtu wa kumpigia simu." Kingine, "Ukichoka, funga, kesho kipo." Na katika kile cha kijani, chenye doa kubwa la gundi jaladani, kimeandikwa: "Usiruke sura ya tatu. Nimeshajaribu."

Dereva mstaafu alikiazima tena, akakirudisha na mkewe kamshika mkono. Na kila Jumamosi mlango unakwaruza sakafu, Kidoti anaingia kwa kishindo, na sauti ya kwanza kusikika chumbani humo, kabla hata hajavua viatu, ni ya bibi yake akimwita kwa jina.